Mtoto Anayekatiza Nyimbo

Miyuji, Dodoma
9 Februari 2003

Dada yangu Tabu,

Shikamoo, na assalaam alaikum wewe na nyumba yako. Kila nikishika kalamu nakuona umekaa kibarazani Kolo unapepeta uwele na kuwafokea kuku, basi endelea tu kupepeta huku unasoma. Sisi wazima. Baba Zaidi mguu unamsumbua, mdomo haujaumwa, jana kanisema vizuri tu kwa ajili ya chumvi. Mvua imetukimbia. Mahindi yangu ya nyuma ya nyumba yalifika magotini yakakata tamaa.

Nisalimie Mwanasha na mumewe na kile kichanga chao. Nisalimie Yahaya na lori lake, majirani wote wa pale msikitini, na yule mbuzi wako mwenye pembe moja kama hujamchinja. Nimesahau mtu? Sidhani.

Sasa dada, acha ungo kidogo. Mwanao Zaidi ana kompyuta! Siyo ya kuazima, siyo ya ofisi ya mtu. Yeye na mwenzake wamepanga chumba kule Kizota, pembeni ya mafundi wa kuchomelea mageti, wameiweka mezani wameifunika kitambaa kama bibi harusi. Kazi yake ni kuchoma nyimbo. Mtu anakuja na kanda zake, Zaidi anaziingiza kwenye kompyuta, halafu anazichoma kwenye sidii. Wanafunzi wanakuja, madereva wanakuja, wafanyakazi wa Bunge wanakuja na tai zao shingoni wanakaa kwenye benchi la mbao wanamngoja mwanangu amalize. Evarista, jirani yangu yule ambaye binti yake yuko benki, tangu nimpeleke akaone kwa macho yake hajanitajia tena benki. Ananiuliza tu, "Mama Zaidi, umeamkaje?"

Sidii moja inabeba nyimbo zaidi ya mia. Nami nilikataa kama unavyokataa wewe sasa hivi. Nikamuuliza, "Zaidi, kisahani chembamba kama chapati ya mtu mchoyo, nyimbo zote hizo zinakaa wapi?" Akacheka akasema, "Mama, zinabanwa." Dada, unakumbuka ulivyokuwa unalikalia sanduku langu ili lifunge, nilipoolewa nikaletwa huku? Ndivyo hivyo. Kompyuta inakalia nyimbo.

Ndipo nikawaza ile kanda ya Mama. Ile aliyoimba nyimbo za harusi uani kwako, miaka ile marehemu shemeji aliponunua redio. Kanda inazeeka, dada. Niletee hiyo kanda, Zaidi amchome bibi yake kwenye sidii, sauti ikae mpaka wajukuu wa wajukuu. Nikiwaza Mama, ambaye hakujua hata kuandika jina lake, anaingia kwenye kompyuta kwa mkono wa mjukuu wake, machozi yananitoka na kichwa kinanivimba, vyote kwa pamoja.

Nijibu haraka.
Mdogo wako, Mama Zaidi

*

Kolo, Kondoa
2 Machi 2003

Shamimu mdogo wangu,

Marahaba. Waalaikum salaam. Barua yako imefika, nimeisoma mwenyewe kwanza, halafu Mwanasha akanisomea tena kwa sauti kwa sababu maneno ya kompyuta yalinipita kando. Wote uliowataja wamepata salamu zao. Mbuzi pia.

Huku uwele umetoka kidogo ila ndege wameuona kabla yetu. Mtoto wa Mwanasha ameota jino. Kisima cha chini kimekauka, tunachota cha juu.

Nimefurahi kwa ajili ya Zaidi. Mpe mkono wangu.

Kuhusu kanda. Nitakwambia ukweli, nilipofika pale ulipoandika kuchoma, niliiweka barua chini. Umesema Kizota, umesema mafundi wa kuchomelea. Niliona cheche, nikaona mtu kavaa miwani myeusi ameishika kanda ya Mama kwa koleo. Mwanasha kanicheka mpaka akakaa. Anasema ni neno tu. Haya, ni neno.

Lakini ile kanda haitoki humu ndani. Naisikiliza jioni ya Alhamisi. Betri nikiziona zimechoka naziweka juani mchana kutwa, zinapata nguvu ya wimbo mmoja au miwili. Inanitosha. Mle ndani kuna nyimbo za Mama na kuna mengine katikati ya nyimbo, na mimi nimeyazoea yalivyo.

Usikasirike.
Dada yako, Tabu

*

Miyuji, Dodoma
21 Machi 2003

Dada,

Shikamoo. Tumecheka humu ndani! Baba Zaidi kacheka mpaka kasahau mguu. Sasa kila Zaidi akirudi jioni baba yake anamuuliza, "Leo umechomea mageti mangapi?" Kuchoma ni jina tu, dada, hakuna moto, hakuna cheche, hata joto sikuliona, na nilikaa pale nikaangalia kwa macho haya. Sidii inaingia kwa mlango mdogo, inazunguka, inatoka. Ukiigusa ni ya uvuguvugu tu kama yai la kuku aliyetoka kutaga.

Sisi hatujambo. Mvua bado. Wabunge wakija mji unajaa na bei za nyanya zinapanda, wakiondoka watu wanapungua, bei haipungui. Salamu kwa Mwanasha, kwa mwenye jino, kwa Yahaya.

Nataka nikwambie kitu kuhusu Zaidi, usiseme najisifu, ni habari tu. Mwezi wa tano wana mahafali chuoni kwao, na katika wote wale wamemchagua yeye kusoma risala mbele ya mgeni rasmi. Yeye! Aliyekuwa haongei mpaka ana miaka mitatu, tukadhani bubu! Nimeshanunua kitenge. Evarista kaniuliza ni cha sherehe gani, nikamjibu polepole ili asikie vizuri.

Sasa turudi kwa Mama. Dada, wewe unaizoea kanda, kanda haikuzoei wewe. Siku redio itakapoila utalia na nani? Hapa mtaani redio imekula kanda ya kwaya nzima, ikatoka kama tambi. Nimemuuliza Zaidi kwa ajili yako kama kuna kinachopotea akibana. Nimemwambia, "Niambie ukweli, maana mama yako mkubwa si mtu wa kudanganywa." Akasema kompyuta inaondoa vile vitu ambavyo hata vikiondoka sikio halijui. Basi! Kama sikio halijui, umepoteza nini?

Yahaya huja huku na lori lake. Mpe kanda. Mimi ni mtoto wa Mama kama wewe, nami sina hata kikohozi chake.

Mdogo wako anayekungoja,
Mama Zaidi

*

Kolo
13 Aprili 2003

Shamimu,

Yahaya ameondoka alfajiri na mzigo wa alizeti. Anapitia Kibaigwa kuona bei ya mahindi kabla ya kuja kwako. Hakuningoja niandike. Nimemkabidhi kanda, nimeifunga kwenye kitambaa cha kijani. Barua hii naituma kwa posta, kwenye lile sanduku la ofisini kwa baba Zaidi. Naomba ikufikie mapema.

Alhamisi redio iliila. Ulichosema ndicho kilichotokea, sijui kama nikushukuru. Nilikaa na kalamu nikaizungusha mpaka utepe wote ukarudi ndani. Nikaona afadhali iende.

Sasa sikiliza jambo moja. Uwesu wangu yumo humo. Siku ile shemeji yako alikwenda shamba, aliyekuwa anabonyeza redio ni Uwesu. Alikuwa mdogo, hajaanza darasa la kwanza. Katikati ya kila wimbo anamkatiza Mama. Anasema, "Bibi, rudia, haijaingia." Imeingia, lakini anataka arudie. Halafu anacheka. Mama anamwita shetani mdogo, na anarudia.

Tangu alipokwenda kwenye machimbo ya Mererani asirudi, sina kingine cha sauti yake. Picha ninayo moja, amefumba macho.

Alipokuwa mkubwa alivunja mwenyewe vile vijino vya nyuma ya kanda, asije mtu akarekodi juu yake. Kwa hiyo mwambie Zaidi asiguse chochote. Kila kilichomo kikae kama kilivyo, na kanda yenyewe irudi kwangu.

Salimia nyumba yako.
Tabu

*

Miyuji, Dodoma
26 Mei 2003

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena, leo nakusalimia mara mbili kwa sababu moyo umejaa! Yahaya anaondoka kesho nami sitalala mpaka nimalize kukwambia yote.

Wazima sote. Baba Zaidi amevaa viatu kwa mara ya kwanza tangu astaafu. Salamu kwa Mwanasha, mumewe, mtoto, majirani, kila mtu hapo nyumbani.

Kanda ilifika, bila hata kipande cha karatasi, Yahaya kaniletea kitambaa cha kijani tu. Nikasema dada yangu keshaamua, hana haja ya maneno. Nikaipeleka Kizota siku ileile. Na dada, kijana ameifanya kazi! Hakuibana hivihivi. Kanda ilikuwa na makelele, kuku, sufuria, na mtoto gani sijui anaropoka katikati ya nyimbo anamkatiza bibi yake. Zaidi akakaa nayo jioni nzima, akazikata zile kelele zote moja moja, akamtoa na yule mtoto, akaziunganisha nyimbo zikafuatana kama za redio kabisa. Sikuzisikia za mwanzo, nilikuwa na kitenge kwa fundi, lakini za mwisho nimezisikia. Mama anatoka msafi! Utadhani alirekodiwa mjini. Baada yake Zaidi kakuongezea taarabu na za Kikongo, zaidi ya mia, ili usichoke. Sidii yako ndiyo hii, ameandika juu kwa kalamu ya wino mzito: BIBI NA WENGINE. Redio yako haitaikubali, peleka kwa Yahaya, anayo deki ya kutumia betri ya gari, iambie isome MP3, yeye anajua.

Sasa mahafali. Dada, laiti ungekuwepo! Zaidi kasimama na suti ya kuazima iliyomkaa kuliko mwenyewe. Kafungua risala. "Ndugu mgeni rasmi." Sauti haikutetemeka. Mimi ndiye niliyetetemeka. Nilikuwa nimebeba redio ya Evarista nirekodi, na ile kanda mpya niliyonunua sokoni, naifungua, utepe umekatika. Watu wanapiga makofi, mwanangu anaitwa mbele, mimi nimeshika kanda mbovu! Nikakumbuka kanda ya Mama imo kwenye mkoba, kwenye kitambaa chake. Nikasema, Mama keshaingia kwenye kompyuta, kanda imemaliza kazi yake, na hata yeye angependa kumbeba mjukuu wake. Nikaitia. Redio ikagoma! Kumbe ilivunjwa vile vijino vya nyuma. Unanijua, sikushindwa. Aliyekaa mbele yangu alikuwa na zawadi imefungwa kwa selotepu, nikabandua vipande nikaziba matundu yote mawili, nikabonyeza, ikakubali. Risala yote ninayo! Na mgeni rasmi naye, alisema mpaka upande ukaisha, nikageuza, akaendelea mpaka na wa pili ukaisha. Naisikiliza kila siku. Evarista kaisikia mara tatu.

Mwambie kila mtu hapo Kolo.
Mdogo wako mwenye furaha,
Mama Zaidi

*

Kolo
22 Juni 2003

Shamimu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu betri ya Yahaya ilikuwa Kondoa mjini inachajiwa. Barua hii anakuletea yeye mkononi.

Hapa tuko salama. Mtoto wa Mwanasha ameanza kutambaa. Tumevuna tulichovuna. Mbuzi mwenye pembe moja amezaa pacha.

Sidii imesoma. Tulikaa uani kwa Yahaya, watu walikuwa wengi, walimsikia Mama na wazee wakamtambua. Sauti imetoka safi. Inasikika kama mtu anayeimba peke yake ndani ya nyumba ambayo wenyewe wamehama. Nyimbo ziliisha upesi kuliko ninavyozijua. Zilipofika za Kikongo vijana wakacheza, mimi nikarudi nyumbani.

Mpe Zaidi hongera ya risala. Ni mtoto mzuri na kazi yake ni ya mtu aliyejitahidi.

Nina swali, siyo la kumlaumu mtu. Alisema kompyuta inaondoa vile ambavyo vikiondoka sikio halijui. Muulize ni sikio la nani.

Na kanda naomba irudi. Hivyohivyo ilivyo.

Tabu

*

Miyuji, Dodoma
19 Julai 2003

Dada,

Shikamoo.

Juzi baba Zaidi alikwenda ofisini kwake kwa ajili ya mafao, akapitia sanduku la posta. Hakuwa amelifungua tangu mwezi wa tatu. Amerudi na barua yako ya Aprili.

Nimechana karatasi mbili kabla ya hii.

Niliisoma nimesimama jikoni. Nilipofika kwenye vijino vya nyuma nilikaa chini palepale, na mboga ikaungua, na sikuinuka. Halafu nikavaa viatu nikaenda Kizota, sikumbuki njia. Zaidi alikuwa na wateja. Nikamwambia watoke. Akaona uso wangu, akawatoa.

Nikamuuliza, "Yule mtoto uliyemtoa kwenye kanda ya bibi yako, alikuwa anasema nini?"

"Mtoto gani, mama? Aah. Alikuwa anasema rudia, haijaingia. Halafu anacheka. Msumbufu kweli."

"Ni Uwesu."

Dada, sijawahi kuona mtu akizeeka kwenye kiti. Uwesu ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, likizo ile tulipomleta kwenu. Akaanza kubonyeza, kutafuta, kufungua hiki na kile, jasho linamtoka. "Niliikata, mama. Ile ya mwanzo nzima niliifuta. Kompyuta ilijaa, wateja walikuwa wanangoja." Nikamwambia tafuta tena. Akatafuta mpaka mafundi wa mageti wakafunga na kwenda. Hakuna.

Nikabaki na kanda. Nikarudi nyumbani nikaisikiliza yote, pande zote mbili. Ni Zaidi na mgeni rasmi. Na makofi. Mle ndani kuna sauti yangu, dada, inasema kwa nguvu, "Huyo ni mwanangu!" Naisema mara nyingi. Sikujua naisema mara nyingi hivyo.

Uliandika kwamba wote niliowataja walipata salamu zao. Sikukuelewa, au nilikuelewa nikapita haraka. Mimi ni mama yake mdogo, nami sijaandika jina lake miaka yote hii. Nilidhani nakupumzisha. Hata wewe mwenyewe, sote tulikuwa tunakuita Mama Uwesu, tukaacha, hakuna aliyesema tuache, tukaanza kukuita Tabu. Na kila nilipoandika Zaidi hivi, Zaidi vile, niliona kuna mahali pa jina jingine pako wazi, basi nikaandika Zaidi tena ili pajae.

Ulipojua, ukaniandikia habari za mbuzi amezaa pacha. Afadhali ungenitukana.

Kanda nakurudishia.

Mama Zaidi

*

Kolo
24 Agosti 2003

Shamimu mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Upepo ni mkali, umeng'oa bati moja la jikoni, Yahaya amelirudisha.

Kanda imefika. Nimebandua ile selotepu. Sasa hakuna atakayerekodi tena juu yake.

Huko nyuma nilijicheka kwa kuogopa neno kuchoma. Leo sijicheki.

Umesema afadhali ningekutukana. Nilitaka. Nilikaa na kalamu, nikaona nikianza sitajua pa kuishia, na wewe ndiye niliyebaki naye kwa upande wa Mama. Kwa hiyo nikakuandikia habari za mbuzi. Usiniulize kama nimekusamehe. Niko katikati ya njia, bado natembea.

Nitakwambia ninachofanya. Kila jioni, siyo Alhamisi tu, naweka kanda kwenye redio na kufungulia sauti mpaka mwisho. Risala ya mwanao inasikika mpaka barabarani. Majirani wanasema, "Huyu mama anavyomringia mtoto wa mdogo wake!" Wananipongeza. Mtoto wa Mwanasha amezoea kumsikia Zaidi, akisema "Ndugu mgeni rasmi" naye anapiga makofi.

Zaidi anapopumua, kabla ya kugeuza karatasi, pana kimya kidogo. Kwenye kile kimya kuna kitu chini, mbali sana. Nasikia, "rudia." Siyo kila siku. Mwanasha anatega sikio na mimi na anasema, "Mama, ni betri tu." Huenda ni betri. Yahaya anasema redio za sasa hazifuti vizuri, chini hubaki masalia. Sijui kama anajua au ananihurumia.

Basi mwanao anasoma risala, nami nangoja avute pumzi. Yale mengine yote anayosema nayajua kwa moyo sasa. Anasema vizuri. Una haki ya kujivunia.

Tabu

*

Miyuji, Dodoma
14 Septemba 2003

Kwa Mama Uwesu,

Shikamoo dada.

Nisalimie Mwanasha, mumewe na mtoto. Nisalimie Yahaya. Nisalimie Uwesu popote alipo, mwambie mama yake mdogo anamuuliza hali, na kwamba mahali pake kwenye barua zangu pamefunguliwa. Akirudi kabla sijafika, mwambie angoje.

Zaidi nilimsomea barua yako. Kisha akasema niiombe kanda tena, kwenye kompyuta kuna namna ya kuiondoa sauti yake mwenyewe na kuinyanyua ile ya chini, aisafishe, isikike wazi. Anaamini. Macho yalimwaka kama siku ile ya kwanza, na kwa kweli nilitaka kumsikiliza, maana wewe unanijua. Nikamwambia, "Hapana. Usisafishe tena kitu cha mama yako mkubwa." Labda nimekosea. Kama nimekosea niambie, nitakuja kuichukua mwenyewe na kukaa naye asiguse neno. Lakini niliwaza, akiinyanyua akakuta hakuna kitu chini, je?

Baba Zaidi amepata mafao, mguu wake nafuu. Nimeshakata tiketi ya basi la Kondoa la Alhamisi. Nakuja peke yangu. Nakuletea betri mpya, zisizohitaji jua.

Jioni tutakaa kibarazani, utaiweka. Nitausikia mdomo wangu mwenyewe ukipiga kelele humo ndani, na nitauvumilia. Watu wakipita wakikuuliza ni nani anayesoma vizuri hivyo, jibu wewe, mimi sitasema neno. Na Zaidi akivuta pumzi, usinishike mkono kunionya. Nitakuwa nimenyamaza kabla yake.

Shamimu,
mama mdogo wa Uwesu